Jigi, Boya, Dropshoti au Texas: Ufunge Vipi Chambo Kidogo cha Plastiki kwa Blugili, Krapi na Besi

Chambo kilekile cha plastiki laini kinaweza kufungwa kwa namna sita au saba, na kila namna inamwonyesha samaki kitu kingine. Chukua mnyoo wa inchi mbili. Ukiuvika kwenye jigi, yaani ndoano yenye kichwa cha risasi, unazama kichwa mbele. Ukiuchoma katikati ya mwili, unashuka taratibu huku ncha zote mbili zikitetemeka. Ukiufunga juu ya chubwi, hauzami hata kidogo, unabaki ukielea mbele ya macho yake mpaka achoke kuutazama. Ndiyo maana wavuvi wawili wanaweza kusimama bega kwa bega, pakiti zao zinafanana mpaka rangi, na mmoja anavuta samaki huku mwenzake akivuta majani.

Wengi wakifungua boksi la vyambo, swali lao la kwanza ni rangi. Mimi hilo ningeliacha liwe la mwisho. La kwanza ni samaki yuko kina gani na chini yake pana nini: mchanga, mawe, matope au majani. La pili ni mdomo wake una ukubwa gani. Ukishajibu hayo mawili, mfungo, yaani namna ya kukifunga chambo, unajichagua wenyewe kwa sehemu kubwa.

## Tuanze na midomo

Samaki wa kikaango ni kundi zima la samaki wadogo wa maziwa na mito ya Amerika Kaskazini. Humo wamo blugili (Lepomis macrochirus) na ndugu zake, krapi mweusi na krapi mweupe wa jenasi ya Pomoxis, na mara nyingi pechi wa njano huhesabiwa humo pia. Besi, wa mdomo mkubwa na wa mdomo mdogo, ni wa jenasi ya Micropterus. Blugili, krapi na besi wote ni wa familia moja, Centrarchidae, na wamehamishiwa kwenye maji ya mabara mengine, hasa besi wa mdomo mkubwa. Popote walipo, tabia zao za kula hazibadiliki sana.

Blugili ana mdomo wa ukubwa wa kifungo cha shati. Hali chakula kwa kung'ata, anafyonza maji pamoja na kilichomo. Chambo kikiwa kirefu, anashika mkia na kuuvuta, wewe unahisi kugongwagongwa, unashtua fimbo na hupati kitu. Kwake tumia chambo cha inchi 1 hadi 1½ na ndoano namba 8 au 10.

Krapi mdomo wake unafunguka sana, lakini ngozi ya pembeni ni nyembamba kama karatasi. Ukishtua fimbo kwa nguvu unaichana, na samaki anaondoka na tundu shavuni. Jambo jingine kuhusu krapi ni kwamba hula akitazama juu. Chambo kinachopita chini yake ni kama hakipo. Inchi 1½ hadi 2, ndoano namba 6 au 4.

Besi hana tatizo la mdomo. Hata yule mdogo wa urefu wa kiganja humeza chambo ambacho blugili mkubwa anakidonoa tu. Inchi 2½ hadi 4, ndoano namba 2 mpaka 1/0.

Kwa asiyezizoea namba za ndoano: namba 10 ni ndogo kuliko namba 6, na namba 6 ni ndogo kuliko namba 2. Baada ya 1 hesabu inageuka, inakuwa 1/0, 2/0 na kuendelea, na hapo kadiri namba inavyopanda ndoano nayo inakua. Dukani watu wengi hununua ndoano kubwa kwa sababu ya mkanganyiko huu tu.

Mwenye haraka atazame jedwali hili, kisha arudi kwenye maelezo akikwama:

| Mfungo | Unafaa wapi | Nani zaidi | Udhaifu |
|---|---|---|---|
| Jigi ya wazi | kina chochote, chini pasafi | wote | hukwama kwenye majani na magogo |
| Jigi chini ya boya | samaki anayeelea katikati ya maji | krapi, blugili | ni wa taratibu, hautafuti |
| Ned | chini kwenye mchanga na changarawe | besi | hukwama kati ya mawe |
| Dropshoti | sentimita chache juu ya sakafu, maji marefu | besi, pechi, krapi | mshipi hujisokota |
| Texas | ndani ya majani na matawi | besi | mdomo mdogo hauifungui |
| Waki | maji mafupi, kando ya gati na kivuli | besi | chambo huchanika upesi |

## Jigi ya wazi

Jigi ni ndoano iliyomiminiwa kichwa cha risasi shingoni. Huu ndio mfungo ninaouanza popote nisipopajua, na kama ningelazimishwa kubaki na mmoja, ningebaki nao. Uzito wake huandikwa kwa sehemu za wakia: 1/64 ni kama gramu 0.45, 1/32 ni gramu 0.9, 1/16 ni 1.8 na 1/8 ni 3.5. Kwa samaki wa kikaango kwenye maji yasiyozidi mita mbili, 1/32 inatosha, na wakiwa waoga shuka mpaka 1/64. Kwa besi, 1/16 hadi 1/8.

Kosa la kawaida ni kuzidisha uzito. Linaeleweka, maana jigi nzito inarushika mbali na unaihisi mkononi. Lakini samaki hawa mara nyingi hukidaka chambo kikiwa kinashuka. Kikishuka kama jiwe, kinapita machoni pake kabla hajaamua. Kikishuka polepole, kinakaa muda mrefu kwenye kina alichopo, na mkia unapata nafasi ya kufanya kazi. Basi anza na jigi nyepesi kabisa unayoweza kuirusha na kuihisi, uongeze uzito upepo au kina vikikulazimisha. Maji yakiwa ya baridi na samaki wamezubaa, wepesi unasaidia hata zaidi.

Hesabu nayo ni silaha. Jigi ikigusa maji, anza kuhesabu: moja, mbili, tatu, mpaka mshipi ulegee, maana yake imefika chini. Ukijua kwamba chini ni kumi, rusha tena na uanze kuvuta kwenye nane, halafu sita, halafu nne. Ukiguswa kwenye sita, umeshajua samaki wamekaa wapi, na kila mrusho unaofuata unaanzia hapo. Kwa krapi anza kuvuta kabla ya hesabu iliyokupa samaki, ili chambo kipite juu yake badala ya chini.

Sasa namna ya kukivika, maana hapa ndipo watu huharakisha. Laza ndoano ubavuni mwa chambo, kichwa cha jigi kikiwa sambamba na pua ya chambo. Angalia mpindo wa ndoano unafika wapi, uweke alama hapo kwa ukucha. Choma ncha katikati kabisa ya pua, kisha usukume chambo kidogo kidogo kwenye ndoano ukihakikisha ncha inapita katikati ya mwili, wala si karibu na tumbo. Ukifika kwenye alama, itoe mgongoni, halafu sukuma pua mpaka iguse risasi. Inua, tazama kwa juu, tazama kwa ubavuni. Mstari mwembamba ulioachwa na kalibu ya kiwandani unatakiwa uwe umenyooka kuanzia puani mpaka mkiani. Ukiitoa ndoano mbele mno, chambo kinavutika na kukunja mkia. Ukiitoa nyuma mno, kinafanya nundu. Vyote viwili vinazunguka ukivuta, na chambo kinachozunguka kinasokota mshipi mpaka rili (kigurudumu cha kukunjia mshipi) inatapika mafundo. Toa, uanze upya. Tundu likiwa limetanuka, kata milimita mbili tatu za pua.

Kuhusu maumbo, mkia wa kujikunja unafanya kazi kwa mwendo wowote wa taratibu, hata mtoto akiuvuta bila ufundi wowote. Mkia wa kasia unahitaji kasi kidogo na uzito kidogo, la sivyo unaning'inia tu. Mkia ulionyooka hauna mwendo wa kwake, na hiyo ndiyo sifa yake maji yakiwa ya baridi au samaki wakiwa wamevuliwa mno: mtetemeko mdogo wa mkono wako unatosha. Halafu kuna bomba, chambo chenye tundu ndani na nyuzinyuzi mwishoni. Kwa bomba, kichwa cha jigi hulowanishwa na kuingizwa ndani, kisha tundu la kufungia linatobolewa kutokea mgongoni. Bomba likishuka huzunguka kwa duara, na besi wa mdomo mdogo, ambaye hula sana kamba wa mtoni, halipingi kirahisi.

## Jigi peke yake au jigi chini ya boya?

Jigi inatafuta, boya linasubiri. Tofauti ni hiyo, na ukiielewa hutapoteza asubuhi nzima ukitazama boya mahali pasipo na samaki.

Boya lina jambo moja ambalo mifungo mingine hailiwezi: linakisimamisha chambo kwenye kina kilekile kwa muda wowote unaotaka. Krapi waliokusanyika juu ya matawi yaliyozama, tuseme mita moja na nusu kutoka juu, jigi ya kawaida itawapitia kwa sekunde mbili na kuendelea na safari, na mara ya tatu itakwama kwenye tawi. Jigi ileile chini ya boya inakaa pale pale, na viwimbi vinaitikisa bila wewe kufanya lolote. Vuta kidogo, acha itulie. Vuta tena. Mara nyingi huguswa wakati wa kutulia.

Boya la kubana kwenye mshipi ni rahisi, ila umbali kutoka boyani hadi kwenye jigi haufai kupita urefu wa fimbo, la sivyo hutaweza kurusha wala kumfikisha samaki mkononi. Kwa maji marefu zaidi tumia boya la kuteleza. Funga fundo dogo la uzi juu ya mshipi, pitisha ushanga, kisha boya lenye tundu katikati. Fundo hupita kwenye pete za fimbo na kuingia kwenye rili. Ukirusha, jigi inazama na mshipi unateleza ndani ya boya mpaka fundo ligote kwenye ushanga. Unaweza kuvua mita nne kwa fimbo fupi bila taabu.

Chagua boya dogo kadiri inavyowezekana. Boya nene la duara linapendeza kutazama, lakini samaki akikivuta chambo analihisi na kukitema. Jembamba linalosimama wima linasomeka vizuri zaidi. Likizama, hilo kila mtu analijua. Likitembea kando, samaki ameondoka nacho. Na likilala ubavu ghafla juu ya maji, usidhani jigi imefika chini: krapi amekichukua akipanda nacho juu, uzito umeondoka kwenye boya. Shtua, kwa upole.

Kitu kidogo ambacho wengi hawakiangalii ni fundo lenyewe. Jigi za samaki wa kikaango kwa kawaida tundu lake liko juu ya kichwa, na chambo kinatakiwa kining'inie kikiwa kimelala kama kisamaki kinachoogelea. Kila unapopata samaki, au ukirusha mara kadhaa, fundo huteleza kuelekea mbele ya tundu na jigi inaning'inia kichwa juu, mkia chini. Samaki wa kweli hakai hivyo. Kabla ya kila mrusho, lirudishe fundo kwa kidole mpaka chambo kilale sawa. Ni sekunde moja tu.

Ninavyofanya mimi: natafuta kwa jigi ya wazi na hesabu, nikishajua kina, naweka boya kwenye kina hicho na kukaa nao.

## Boya linapima kutoka juu, dropshoti inapima kutoka chini

Kwenye dropshoti chubwi liko mwisho kabisa wa mshipi, na ndoano imefungwa juu yake, sentimita 20 hadi 45. Chubwi likikaa chini, chambo kinabaki kwenye urefu huohuo juu ya sakafu, hata kama sakafu yenyewe inapanda na kushuka. Hapo boya linashindwa: pakiwa na mteremko, boya lililopimwa kwa mita tatu litakuwa sawa mahali pamoja, na hatua tano mbele chambo kinaburuzwa chini au kinaelea mbali na samaki.

Fundo linalofaa ni Palomar. Kunja mshipi mara mbili, pitisha kitanzi kwenye tundu la ndoano, funga fundo la kawaida bila kukaza, pitisha ndoano nzima ndani ya kitanzi, lowanisha kwa mate, kaza. Acha mkia mrefu, nusu mita hivi. Kisha mkia huo upitishe tena ndani ya tundu, ukianzia upande ule ncha ya ndoano inakotazama. Ukivuta, ndoano inasimama mlalo, imejitenga na mshipi, ncha ikitazama juu. Ukisahau hatua hiyo ya mwisho, ndoano inalala kwenye mshipi na samaki wanaponyoka.

Chambo huchomwa puani tu, milimita chache, ili mwili wote uwe huru. Ndoano ni namba 6 au 8 kwa samaki wa kikaango, 2 au 1 kwa besi. Chubwi la 1/8 hadi 1/4 ya wakia linatosha maji mengi. Kinachohitaji mazoezi ni mkono: unatikisa mshipi uliolegea, si chubwi. Chubwi likihama kila ukitikisa, umekaza mno. Machubwi maalumu ya dropshoti yana kibanio kinachoachia mshipi yakikwama kati ya mawe, unapoteza chubwi tu na kubaki na ndoano na chambo.

Ubaya wake ni huo wa kuchoma puani. Blugili wakiwa wengi watakuvua vyambo kimoja baada ya kingine. Na mshipi hujisokota, hasa ukivuta haraka kutoka maji marefu. Kwa maji mafupi yenye majani mengi siioni faida yake. Lakini pechi na besi waliolala kwenye maji marefu, hawataki kukimbiza kitu, dropshoti inawatoa pale jigi inaposhindwa.

## Kwa besi: Ned, waki na Texas

Hapa samaki wa kikaango tunawaacha pembeni kidogo, ingawa Ned itakuletea mmoja mmoja.

Ned imepewa jina la Ned Kehde, mvuvi na mwandishi wa Kansas aliyeitangaza. Ni kichwa cha jigi chenye umbo la uyoga, bapa mbele, uzito karibu 1/16 ya wakia, na nyuma yake kipande kifupi cha mnyoo mnene, chini kidogo ya inchi tatu. Ukiiona mkononi haina mvuto wowote. Ukiiburuza pole pole kwenye changarawe na kusimama, besi waliochoka kuona vyambo vikubwa wanaichukua. Plastiki inayoelea husimama wima chini, mkia juu. Yenye chumvi ndani hulala. Zote hupata samaki, ila ile inayosimama naiamini zaidi maji yakiwa maangavu. Ndoano yake iko wazi, kwa hiyo kwenye majani usihangaike nayo.

Waki ni mnyoo uliochomwa katikati, hauna uzito mwingine ila chumvi iliyomo ndani yake. Unashuka taratibu ukipiga mbawa kwa ncha zote mbili. Rusha kando ya gati, chini ya tawi linalotoa kivuli, uache ushuke bila kuuvuta. Tatizo ni kwamba besi humeza bila kukupa taarifa. Usikodolee mnyoo, tazama mshipi pale unapoingia majini: ukiruka kidogo, ukienda kando, au ukilegea kabla ya muda wake, kaza na umnase, kabla ndoano haijafika kooni. Pete ndogo ya mpira katikati ya mnyoo, ndoano ikapita chini ya pete badala ya ndani ya plastiki, itakuokolea minyoo mingi. Blugili kwenye waki ni balaa tupu: wanashika ncha moja na kukimbia nayo.

Texas ni mfungo wa watu wa majanini. Chubwi la umbo la risasi ya bunduki linateleza juu ya mshipi, 1/16 au 1/8 ya wakia kwa vyambo vidogo, na ndoano ni ile yenye kiwiko karibu na tundu. Choma pua nusu sentimita, toa ncha chini, vuta mpaka kiwiko kiingie puani, igeuze ndoano itazame mwili. Pima mpindo unapoangukia, kunja chambo kidogo, uichome ncha hapo mpaka ifike karibu na ngozi ya mgongo. Mwili ubaki umenyooka. Ncha ikifichwa chini ya ngozi tu, inapita katikati ya matawi bila kushika, na besi akibana plastiki, ncha inatokeza.

Neno ni hapo, akibana. Besi anabana. Blugili na krapi hawana nguvu hiyo, na krapi ukimshtua kwa nguvu ya kupasua plastiki utachana shavu. Kwa hiyo kwa samaki wa kikaango ndani ya majani usiwafungie Texas ndogo, hata kama inauzwa. Bora jigi ya 1/64 chini ya boya, iningʼinie juu ya majani au kwenye uwazi kati yake.

## Plastiki yenyewe

Mnyoo wa plastiki si kitu cha jana. Nick Creme aliutengeneza wa kwanza huko Akron, Ohio, mwaka 1949. Vyambo vingi leo ni PVC iliyolainishwa kwa kemikali za mafuta, mara nyingine ikiongezwa chumvi ili izame. Ni laini, inavikika kwa urahisi, na inachanika kwa urahisi vilevile.

Mpinzani wake ni elastoma, plastiki inayonyumbuka kama mpira na kuelea. Chambo kimoja kinaweza kukupa samaki wengi kabla hakijakatika, na kwa blugili wanaodonoa mikia ni neema. Kukivika kwenye jigi ndiyo kazi, kinang'ang'ania ndoano, lowanisha kwanza. Onyo kubwa ni moja: usikichanganye na PVC ndani ya boksi moja. Vikigusana vinayeyushana na asubuhi unakuta uji wa rangi. Boksi nyingine za plastiki ngumu nazo huyeyushwa na PVC, kwa hiyo kila chambo kikae kwenye pakiti yake.

Kwa bomba na mikia ya kujikunja kwa krapi mimi huchukua PVC, kwa ulaini wake. Kwa Ned, elastoma. Na kilichochanika usikitupe majini, hakiozi, na samaki akikimeza kinaweza kumkaa tumboni. Kuhusu risasi, Uingereza ilipiga marufuku machubwi mengi ya risasi tangu 1987 kwa sababu ya ndege wa majini waliokuwa wakiyameza. Sehemu nyingine zina sheria zake, ziangalie kabla hujanunua. Tangsteni ni nzito kuliko risasi kwa zaidi ya mara moja na nusu kwa ujazo uleule, hivyo jigi yake ni ndogo kwa umbo. Kwa mdomo wa blugili hilo ni faida, ukiweza kuilipia.

Rangi? Maji maangavu, rangi za asili na za kupenyeka. Maji ya tope, nyeusi au za kung'aa. Zaidi ya hapo sibishani na mtu.

## Mshipi unaamua zaidi ya rangi

Jigi ya gramu 0.9 kwenye mshipi mnene haishuki, inaelea kwa hisani ya mshipi. Kwa samaki wa kikaango tumia mshipi wa ratili 2 hadi 4, yaani kilo 0.9 hadi 1.8 za kukatika. Kwa besi na vyambo hivi vidogo, ratili 6 hadi 8. Nailoni inavutika, jambo linaloliokoa shavu la krapi, nayo haizami upesi, kwa hiyo inafaa boyani. Florokaboni inazama na haionekani sana, nzuri kwa dropshoti na Ned. Uzi wa kusuka hauvutiki kabisa: unahisi kila kitu, lakini kwa krapi lazima fimbo iwe laini.

## Ukiwa na fimbo moja na maji usiyoyajua

Funga jigi ya 1/16, ndoano namba 4, chambo cha mkia wa kujikunja cha inchi mbili. Si saizi bora kwa yeyote kati yao, lakini blugili mkubwa ataiweza, krapi ataipenda, na besi hataidharau. Rusha huku na huku, hesabu, sikiliza. Ukikuta majani kila mahali, kata, funga Texas na uvue besi. Ukikuta samaki wako kina kimoja hawaondoki, weka boya. Ukikuta wamelala chini kwenye maji marefu, dropshoti.

Ukigongwagongwa bila kunasa, hao ni blugili. Kata mkia kwa mkasi mpaka ubaki kidogo tu nyuma ya mpindo wa ndoano, urushe tena. Wakiendelea kukwepa, shuka mpaka jigi ya 1/32 na ndoano namba 8. Na ikitokea wameacha kudonoa ghafla, wote kwa pamoja, usihame upesi. Mara nyingi besi amesogea karibu. Toa hicho kidogo, vika cha inchi tatu, ukirushe palepale na ukiache kishuke.